Kidato cha Kwanza Waliingia Wangapi?

Shule ya wasichana ya Kanisa Katoliki inapotangaza kwamba wahitimu wake wote wa kidato cha nne wamepata daraja la kwanza, kuna swali moja ambalo mzazi, askofu na ofisa elimu wanapaswa kuliuliza kabla ya kupongeza: kidato cha kwanza waliingia wangapi? Miaka minne nyuma shule hiyo ilipokea wasichana kwa idadi inayojulikana, kila mmoja na tranka lake, godoro lake na risiti ya ada. Majina yao yaliandikwa kwenye rejesta. Ikiwa waliofanya mtihani ni wachache kuliko walioandikwa, basi matokeo yale yana sehemu ambayo haikubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na shule inawajibika kuieleza.

Tunazungumzia mchujo. Kila anayezifahamu shule za sekondari za binafsi nchini Tanzania, za dini na zisizo za dini, anaufahamu. Shule hujiwekea wastani wake, ulio juu ya kiwango cha ufaulu cha Taifa. Msichana asiyeufikia mwisho wa mwaka hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa ofisini na kuelezwa kwa upole kwamba ingekuwa vema amtafutie binti shule inayolingana na uwezo wake. Hakuna anayetamka neno kufukuza. Barua ya uhamisho inakuwa tayari mezani. Wengine hubakizwa hadi kidato cha nne, kisha huelekezwa wakajisajili kwenye kituo kingine cha mtihani, ili alama zao zisomeke kwa jina la shule nyingine au kama za watahiniwa wa kujitegemea. Wizara yenye dhamana ya elimu imekwisha kuukemea utaratibu huu zaidi ya mara moja. Bado upo, kwa sababu unalipa.

Tuchukue mfano wa hesabu, si wa shule yoyote. Shule imepokea wasichana 100. Wanapofika kidato cha nne wamebaki 68, na wote 68 wanapata daraja la kwanza. Tangazo litasema ufaulu ni asilimia 100. Jirani yake ipo sekondari ya kata iliyopokea 100 wa kwake, ikabaki nao wote, na katikati ya safari ikaongezewa baadhi ya wale 32 waliochujwa, wakiwa wamevunjika moyo na wamepoteza muhula mzima wakizungushwa kutafuta nafasi. Matokeo yakitoka, sekondari ya kata inasemwa kuwa imefeli. Shule iliyoitupia mzigo inaombwa semina za jinsi ya kufaulisha. Mpangilio huu si wa haki, na hauwi wa haki kwa sababu langoni pana sanamu ya Bikira Maria.

Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwezi Januari 2023. Kenya iliwahi kuzuia orodha hizo mwaka 2014. Lakini orodha haikufa. Ilihamia kwenye mabango ya barabarani, kwenye makundi ya simu ya wazazi, na kwenye fomu za kujiunga ambazo ukurasa wake wa kwanza ni asilimia za ufaulu. Hadi pale wenye shule watakapoacha kuitamani orodha, kuifuta kwa waraka hakutoshi.

Mfanyabiashara aliyefungua shule ili apate faida tungemkumbusha sheria na kuishia hapo. Shule ya Kanisa ina hakimu mwingine, tena yuko ndani ya nyumba yake: sababu iliyoifanya ianzishwe.

Masista wa Loreto, ambao shule zao zinajulikana Nairobi, Limuru na Mombasa, wanatokana na Mwingereza aliyeitwa Mary Ward. Alizaliwa mwaka 1585, wakati ambao kuishika imani ya Katoliki nchini mwake kulimgharimu mtu faini, kifungo, na kwa wengine uhai. Mwaka 1609 alivuka bahari na wenzake wachache hadi Saint-Omer, mji ulioko leo kaskazini mwa Ufaransa, wakaanzisha jumuiya ya wanawake waliokataa kufungiwa ndani ya kuta za monasteri kwa sababu walitaka kufundisha wasichana. Walifungua shule katika miji kadhaa ya Ulaya. Roma kwenyewe, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwapinga, walifundisha mabinti wa maskini bila malipo. Wakubwa wengi wa Kanisa hawakuvumilia wanawake kutembea huru, kujiongoza wenyewe na kuwafundisha wasichana mambo yaliyodhaniwa kuwa ya wavulana. Mwaka 1631 Papa Urbano VIII aliivunja jumuiya hiyo, na Mary Ward akafungwa katika nyumba ya watawa mjini Munich akituhumiwa uzushi. Alifariki mwaka 1645 akiwa hajaiona kazi yake ikithibitishwa. Kanisa lilimtambua rasmi kuwa mwanzilishi mwaka 1909, na mwaka 2009 Papa Benedikto XVI akakiri kwamba mwanamke huyo aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo asili ya shule za namna hii. Zilianzishwa na wanawake waliofungiwa mlango, kwa ajili ya wasichana waliofungiwa mlango. Jina la mtakatifu kwenye bango la shule, rozari ya jioni na sare iliyonyooshwa havina uzito wowote ikiwa kazi ya mlango huo imegeuzwa.

Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921. Tusiisafishe historia yao kuliko ilivyokuwa. Ukoloni ulitenga watoto kwa rangi, na kwa miaka mingi shule yao ya Msongari ilikuwa ya watoto wa Wazungu, mabinti wa Kiafrika wakiwa nje. Shule ya Limuru, iliyofunguliwa mwaka 1936, ndiyo iliyowapa mabinti hao nafasi. Kwa hiyo hata masista walihitaji muda kuyaishi waliyoyarithi, na hilo linatufanya tuamini kwamba shule inaweza kurekebishika.

Kupitia Limuru alipita Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Baba yake alikuwa dereva kwenye shamba la mlowezi. Kusoma kwake hakukuwa kumepangwa na mtu. Kaka yake, Nderitu, ndiye aliyemuuliza mama kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao, na mama, ambaye hakuwa na fedha za kuchezea, akaamua aende. Alipita kwa masista wa Consolata pale Mtakatifu Sesilia, Mathari, kisha Loreto Limuru, akamaliza mwaka 1959. Wakati huo msichana aliyefika kidato cha nne alitarajiwa awe mwalimu au nesi, na hapo ndipo matumaini ya watu yalipokomea. Wangari alitaka zaidi. Limuru alimkuta sista aliyefundisha sayansi, Mother Teresia, ambaye alikuwa akibaki naye maabara baada ya vipindi, na huko ndiko mapenzi yake ya sayansi yalikokua. Mwaka 1960 alisafiri kwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Afrika Mashariki katika safari zilizopata msaada wa familia ya Kennedy, akaingia Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Alipata shahada ya biolojia mwaka 1964. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo. Yaliyofuata yanajulikana: Green Belt Movement mwaka 1977, kusimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, Msitu wa Karura, rungu la polisi, na Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Wakuu wa shule hupenda kumtaja Wangari kwenye mahafali. Wakimtaja, wamtaje mzima. Hakutokana na wastani wa kupandia darasa. Alitokana na mama wa kijijini aliyekubali, na mwalimu aliyempa saa zake za jioni bila kumtoza kitu. Tena alikuwa mtu wa kuwabishia wakubwa. Waliokuwa madarakani walimdhihaki hadharani kwa sababu ni mwanamke anayesema hapana. Shule inayomfundisha msichana kwamba adabu ni kunyamaza, kisha ikaning'iniza picha ya Wangari kwenye ukumbi wa chakula, inajipinga yenyewe.

Tanzania tunaye Gertrude Mongella. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1945, akaondoka kisiwani akiwa bado mtoto, akasoma kwa masista wa Maryknoll pale Marian College, Morogoro. Ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Shule aliyosoma ilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na leo ni Kilakala, shule ya wasichana ya serikali. Fikirini umbali wa kutoka Ukerewe hadi Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mashua, kwa meli ya ziwani, kwa treni. Masista waliokuwa wakimngojea upande wa pili hawakumwuliza kama atawapandisha kwenye orodha ya kumi bora.

Shule zilipotaifishwa, Kanisa liliumia, na likasema wazi kwamba limenyang'anywa chombo cha kuwahudumia watu. Mlango ulipofunguliwa tena, na hasa baada ya hati ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, majimbo na mashirika ya kitawa yalirudi kujenga sekondari kwa bidii kubwa. Za wasichana zilifanya vizuri kupita matarajio. Mabweni yake ni salama, maabara zina vifaa, walimu wapo darasani, na msichana hatembei kilomita nyingi gizani kwenda na kurudi. Tunayatambua hayo yote na tunayaheshimu. Mzazi anayeuza ng'ombe ili binti yake alale mahali ambapo hakuna mwanaume atakayemgongea dirisha anajua anachonunua.

Lakini Kanisa liliahidi huduma. Katika tamko lake kuhusu elimu la mwezi Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwataka wachungaji na waamini wahakikishe shule za Katoliki zinawajali hasa walio maskini wa mali, waliokosa msaada na upendo wa familia, na wasio na imani. Mwaka 1977 Idara ya Elimu Katoliki mjini Vatikano ilikwenda mbali zaidi katika hati yake juu ya shule ya Katoliki, ikakiri kwamba shule ikielekeza nguvu zake kwa watoto wa matajiri peke yao, au kwa sehemu kubwa, inaweza kuwa inawasaidia kulinda upendeleo walio nao na kuendeleza jamii isiyo ya haki. Maneno hayo hayakuandikwa na wapinzani wa Kanisa. Yameandikwa na Kanisa kwa ajili ya shule zake, na mjumbe wa bodi ambaye hajayasoma hana budi kuyasoma kabla ya kikao kijacho cha kupandisha ada.

Tunajua jibu litakalotolewa, na si jibu la kipuuzi. Elimu bila ada kwa shule za serikali, iliyofikishwa kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha sita mwaka 2022, haigusi shule za binafsi. Hizi hazipati ruzuku kwa kila mwanafunzi. Mshahara wa mwalimu wa fizikia, umeme, maji, mahindi na maharage ya wasichana mia kadhaa, vyote vinatoka kwenye ada. Matokeo yakishuka mwaka mmoja, maombi yanapungua. Maombi yakipungua, deni la benki halilipiki. Sista mkuu wa shule anayekesha na hesabu hizo hastahili kubezwa. Tunachokataa ni hitimisho lake, kwamba kwa hiyo msichana wa wastani wa 47 hana budi kuondoka. Huyo ndiye aliyelipa ada sawasawa na wenzake kwa miaka miwili au mitatu. Fedha yake ilijenga maabara. Kuipokea ada ya mtoto mwaka hadi mwaka, kisha kumwondoa anapokaribia kuharibu asilimia, ni kumtumia.

Kuna tofauti kati ya kuchagua langoni na kuchuja ndani. Shule ina haki ya kufanya usaili. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na anayekataliwa mwezi wa kumi ana muda wa kwenda kwingine. Tungependa usaili huo uache kumpima mtoto wa darasa la saba kwa Kiingereza ambacho shule yake ya msingi haikumfundisha, lakini haki yenyewe tunaikubali. Shule ikishampokea binti, ikamvika sare yake, ikamwekea jina kitandani, imeingia agano na mzazi wake. Akishindwa hesabu, kushindwa kule kunakuwa shauri la shule pia. Ndiyo maana pana walimu. Daktari anayewatoa wodini wagonjwa wazito kabla hawajafia mikononi mwake hawezi kutuonyesha rejesta yake na kudai kwamba yeye ni bingwa.

Wapo pia wasemao kwamba mchujo ndio unaowaandaa wasichana kwa chuo kikuu, maana huko hakuna kubembelezana. Tuutazame ukweli wa hoja hiyo. Msichana aliyepita chini ya kisu cha wastani kila muhula anajifunza nini? Anajifunza kukariri mitihani iliyopita. Anajifunza kutomwonyesha jirani yake daftari, kwa sababu jirani akipanda yeye anashuka. Anajifunza kutouliza swali ambalo litamwonyesha hajaelewa. Anaingia chuo kikuu na daraja la kwanza, anakutana na mhadhara usio na majibu nyuma ya kitabu, na hajui aanzie wapi. Shule inayoandaa kwa chuo kikuu ina maktaba inayofunguliwa, si kabati la vitabu lenye kufuli. Inaruhusu mdahalo ambao hitimisho lake halikupangwa na mwalimu wa zamu. Inampa msichana wa kidato cha pili nafasi ya kushindwa kwenye jaribio la kemia na kulirudia mpaka ajue ilikuwaje. Maabara ya Limuru baada ya vipindi ilikuwa maandalizi ya chuo kikuu kwa maana kamili, na hakuna aliyeitolea alama.

Tuje kwenye jambo ambalo bodi nyingi hupenda lijadiliwe likiwa la mwisho katika ajenda, wajumbe wakiwa wamechoka. Msichana akipata ujauzito, shule nyingi za Katoliki humwondoa siku hiyo hiyo, na katika baadhi ya shule hupimwa mimba kwa lazima kila anaporudi kutoka likizo. Kwa miaka mingi shule za serikali zilifanya vivyo hivyo. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kubadilisha msimamo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaruhusu waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi katika mfumo rasmi. Leo tuna hali ambayo Serikali ina huruma rasmi kwa binti huyu, na shule nyingi za Kanisa hazina.

Hapa tunaomba tueleweke bila shaka. Kanisa linafundisha, nasi tunaamini, kwamba uhai wa mtoto tangu kutungwa mimba ni mtakatifu. Msichana wa miaka 17 anayegundua ana mimba, akiwa bwenini, akiwa na hofu, ana njia mbili mbele yake. Akiitoa kwa siri na kunusurika kifo, atabaki shuleni na kumaliza na wenzake. Akiitunza kama alivyofundishwa katika somo la dini, atafukuzwa. Shule inayoweka kanuni hiyo inamfundisha binti, kwa kitendo kinachosikika kuliko mahubiri, kwamba njia salama ni ile ambayo Kanisa linaiita dhambi kubwa. Hatumjui mwanateolojia anayeweza kuitetea kanuni hiyo. Na yule aliyempa mimba, ambaye mara nyingi ni mtu mzima anayejulikana kijijini, hajaitwa kwenye ofisi yoyote. Hatusemi mjamzito alale bwenini kama vile hakuna kilichotokea. Tunasema jina lake lisifutwe, aende kujifungua akijua kwamba nafasi yake ipo, na akirudi akute mwalimu mlezi anayejua kumpokea bila kumwaibisha mstarini asubuhi.

Kwa wazazi tuna neno fupi na kali. Mchujo unaishi kwa sababu mnaushangilia mpaka siku unapofika mlangoni kwenu. Mzazi anayechagua shule kwa kuangalia asilimia tu, akijua zinapatikanaje, amekubali kwamba mtoto wa mwenzake atolewe ili cheti cha wa kwake king'ae. Nanyi mliohitimu katika shule hizo, ambao leo ni mawakili, wahandisi, madaktari na wabunge: michango yenu ya sare za kwaya na keki ya jubilei ni mizuri, lakini haitoshi. Mmoja wenu akilipa ada ya msichana mmoja hadi kidato cha sita, na wenzake kumi wakafanya hivyo, shule itakuwa imerudishiwa sehemu ya sababu yake ya kuwapo.

Sasa tunasema tunachotaka kifanyike, na tunakitaka kabla ya matokeo yajayo ya kidato cha nne.

Kila jimbo na kila shirika la kitawa linalomiliki sekondari ya wasichana litoe hadharani idadi ya walioandikishwa kidato cha kwanza, idadi ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la shule hiyo, na maelezo ya tofauti kati ya idadi hizo mbili: waliohama kwa hiari ya wazazi, waliougua, waliofariki, walioshindwa ada, walioondolewa. Idadi ya mwisho isipokuwa sifuri, shule ieleze nani aliamua na kwa kikao gani. Takwimu hizi hazihitaji mtaalamu wala mfadhili. Zimo kwenye rejesta, na sista wa taaluma anaweza kuziandika kwa mchana mmoja.

Idara ya elimu ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania izikusanye, ikishirikiana na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambayo makanisa yaliiunda mwaka 1992 kwa kazi za aina hii. Ukomo wa wastani wa kumwondoa mwanafunzi ufutwe kwa maandishi katika fomu za kujiunga, pamoja na upimaji wa mimba wa lazima. Sehemu ya nafasi za kidato cha kwanza, ambayo askofu mwenyewe ataitangaza kwa namba, itengwe kwa wasichana ambao wazazi wao hawawezi ada, na nafasi hizo zijazwe kwa majina yanayotoka parokiani na sekondari za kata, bila kumtaja binti huyo bwenini kuwa ni wa msaada. Shule yenye deni benki ilete hesabu zake kwa waamini wazi wazi na iombe. Waamini wamejenga makanisa ya gharama kubwa kuliko deni hilo kwa harambee za Jumapili.

Maaskofu wanayo mamlaka ya kuyaamuru haya leo. Hawahitaji sheria mpya ya Bunge wala kibali cha Wizara. Msichana aliyeitiwa mzazi wake ofisini wiki hii anastahili kujua kama watayatumia.